Upande wa Pili wa Shuka

4 Februari

Mwanangu Kitinda,

Pokea salamu zangu, na usiziruke kutafuta habari kama kawaida yako. Sisi huku tunapumua. Miguu yangu inavimba ikifika jioni, lakini asubuhi inanisikiliza. Kaka yako yuko na mabomba yake ya watu, anaingia chini ya masinki msafi na kutoka kama panya. Mkewe tumbo limeshuka, wakati wowote tutaitwa. Pale nyumba ya wageni mashine ya kukamulia imekufa tena, kwa hiyo mashuka tunayakamua kwa mikono, mimi na Redio, na unamjua Redio, akikamua shuka anakukamua na wewe habari zako zote. Watu huandika hofu ni kwako kwa mazoea. Mimi nikiandika hivyo ujue iko kwako kweli, maana tangu mwaka uanze sijaona mwandiko wako.

Sasa lililonikalisha chini. Jumamosi tulikwenda kwa mwenye kanda, yule anayeonyesha filamu, kuiona filamu yenu ya Asiyegeuka, ile ya pili. Nilikuwa nimewaambia wote wa kazini kwamba mzuka ni binti yangu, ingawa uso umefunikwa. Walikuja kundi zima, wakakaa kwenye mabenchi, Redio mbele.

Mwanangu, watu walicheka.

Ile ya kwanza unakumbuka nilikuandikia, baada ya kuiona hakuna aliyetaka kuingia peke yake chumba cha kuanikia. Redio alikuwa akienda kuchukua shuka moja anaimba kwa sauti ili mzuka ajue anakuja mtu. Na mle ndani hukufanya kitu. Ulikuwa unarudi nyuma tu, polepole, mikono juu, hugeuki. Wenzangu waliogopa, mimi nilicheka peke yangu kwa sababu nilijua unafanya nini. Ulikuwa unakunja shuka. Ndivyo nilivyokufundisha ulipokuwa hujafika kiunoni kwangu: shika pembe, mtazame machoni aliyeshika upande wa pili, ndipo urudi nyuma. Usipomtazama, shuka linaburuzwa chini na tunalifua upya.

Hii ya pili mzuka anapaa kwa kamba kama nguo iliyopeperuka. Anatoa moto mdomoni. Halafu katikati anapotea kabisa, na mpaka mwisho ni wanaume wamekaa ofisini wanamjadili. Redio akasema, "Jamani, mzuka kaenda likizo." Nilitoka pale nimejifunika kanga usoni mimi sasa.

Kazi uliianza vizuri, usiilegeze. Nasikia kuna ya tatu. Jitahidi mama.

Mimi mama yako.


11 Machi

Shikamoo mama,

Nisamehe kwa kuchelewa, na nisamehe kwa penseli, kalamu zangu zimekauka zote. Mimi mzima. Chumba ni kizuri, kina dirisha, naona paa la bohari ambako tunapigia picha na njiwa wanaogombana juu yake. Mwambie wifi ajitunze, na mtoto akitoka niandikieni amefanana na nani, nikisikia amefanana na kaka nitamwombea.

Ya pili haikuwa yetu sote, mama. Mwongozaji wetu, tunamwita Kofia kwa sababu haivui hata akila, alibadilisha habari katikati. Mambo ya kazi. Usimjibu Redio.

Ya tatu imekwisha. Si mbaya.

Likizo sitaweza kuja. Tuna shughuli nyingi.

Mwanao Kitinda.


20 Mei

Mwanangu,

Mjukuu yuko. Ni wa kiume, na pole, amefanana na kaka yako, mpaka ile kununa akiguswa. Wifi yako ni mzima, ananyonyesha. Mashine ya kukamulia imetengenezwa, sasa inapiga kelele ya gari bovu, hatusikilizani, na hiyo ni nafuu kwa sababu ya Redio.

Kuhusu dirisha lako nimefurahi. Lakini umeniambia habari za njiwa ukaniacha sijui unakula nini.

Ya tatu imefika na tumeiona. Nitasema kama mama, na usinune. Wewe una nini? Mzuka karibu filamu yote amekaa kitini anahema. Akisimama anapigwa picha kwa mgongo, na akirudi nyuma anakanyaga kisigino, dum, dum, kama mtu anayebeba maji. Mzuka gani anasikika akija? Tulikuwa tunakwenda kwa vidole wewe na mimi, sakafu ya mbao ile, mwenye nyumba alikuwa hajui kama tumo. Na mikono hukuinua hata nusu. Mtu anayeinua mikono hivyo shuka lingekuwa limelala chini lote.

Mwenye kanda aliomba radhi kwa watu. Aliomba radhi, Kitinda, kwa kazi ya mikono yako. Redio hakusema neno, na Redio akinyamaza ujue mambo ni mabaya.

Nilijiuliza usiku kucha, mwanangu kanenepa? Kavimba kichwa? Sijakulea kufanya kazi kwa kukaa. Kama umechoka nayo iache, lakini usiifanye nusu.

Nakupenda ndiyo maana nasema.

Mama yako.


9 Juni

Shikamoo mama,

Hongereni kwa mtoto. Nimembusu kwenye karatasi hapa pembeni.

Umesema kweli, na si wewe peke yako. Barua zinakuja kwa Kofia kutoka kila mahali, kwamba mzuka amekuwa kichekesho. Watoto wanamwigiza barabarani kwa kukaa kwenye kiti na kuhema. Nilimsikia mmoja hapa chini ya dirisha.

Kwa hiyo ya nne nitaifanya mimi mwenyewe yote. Katikati ya mwezi wa nane. Kofia anataka mzuka ashuke kwa kamba kutoka juu ya bohari mpaka chini, kwa mpigo mmoja, bila kukata. Nitakuwa kama nilivyokuwa mwanzo. Hutajifunika kanga tena.

Nakula vizuri. Penseli tena, samahani.

Kitinda.


25 Juni

Mwanangu,

Leo salamu ni fupi. Wote wazima. Mtoto ana mafua kidogo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikaiweka mezani. Kaka yako akaja kunywa chai, akaitazama, hakuisoma, aliitazama tu. Akaniuliza, "Mama, huyu anaandikia wapi?" Nikamwambia chumbani kwake, kuna dirisha. Akasema, "Huu mwandiko wangu." Akatoa karatasi mfukoni, vipimo vya mabomba anavyoandika akiwa amelala chali chini ya masinki ya watu. Mistari inapanda juu upande mmoja, kama yako. Nikamwambia, "Wewe unatumia penseli kwa sababu ya uchafu wa kazi." Akasema, "Hapana. Natumia penseli kwa sababu ukilala chali ukaandika kwa juu, kalamu ya wino inakataa. Wino haupandi."

Chai yake ilipoa. Yangu pia.

Nikaenda kwa mwenye kanda nikiwa na aproni. Nikamwomba anionyeshe tena ya kwanza, akasema mkanda uko mwisho, ngoja niurudishe nyuma. Akaurudisha huku picha inaonekana. Sijui kama umewahi kujiona hivyo. Mkanda ukirudi nyuma, wanaokwenda wanarudi. Ukaacha kunikimbia ukawa unanijia. Mikono juu, vidole gumba kwa ndani, kichwa umekilaza upande kidogo kama unavyofanya unapotaka kucheka. Unanijia kunipa pembe zako nizikunje. Mwenye kanda akaniuliza kama naumwa.

Nikamwambia sasa weka ya tatu, nayo uirudishe hivyo hivyo. Akaweka. Alinijia mtu nisiyemjua.

Yule si wewe, Kitinda. Mabega si yako, mkono si wako, na mimi mjinga nimekugombeza kwa kisigino cha mtu mwingine.

Uko wapi? Umelala wapi na kwa nini umelala? Nijibu hilo tu. Habari za njiwa nitazisoma baadaye.

Mama.


14 Julai

Mwanangu,

Posta nimekwenda mpaka wananijua. Yule wa dirishani akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijafika, ili nisipange foleni bure.

Kama ile barua imekuudhi, niandikie kwamba imekuudhi. Neno moja. Hata kwa penseli.

Mama yako.


22 Julai

Shikamoo mama,

Barua zako mbili zimefika pamoja. Ya pili ndiyo imeniliza.

Nitakwambia, lakini usimwambie Redio.

Tulipokuwa tunapiga ile ya pili kamba iliteleza. Nilianguka kutoka juu ya mlango wa bohari kwenye sakafu ya simenti. Nyonga ilivunjika. Ndiyo maana mzuka anapotea katikati, mama. Kofia hakuwa na mzuka tena, akabaki na wale wanaume na ofisi. Nimelala miezi mingi katika chumba kilichopo nyuma ya chumba cha kurekodia sauti. Dirisha ni kweli. Njiwa ni kweli. Kwenye ya tatu, kule kuhema ni mimi, walinisogezea kipaza sauti kitandani. Anayekaa kitini na kukanyaga kisigino ni mpishi wetu, walimvalisha shuka. Ni mtu mwema, ndiye amenilisha na kuniosha, msimcheke.

Kwa nini sikusema? Ulikuwa umewaambia watu wote. Ningeandika nini, kwamba mzuka wako ameanguka kama gunia? Nilidhani nitapona kabla hujajua. Kila nilipoanza barua nilikuona uko chumba cha kuanikia, peke yako, umeshika shuka zima kwa mikono miwili.

Sasa natembea na gongo. Daktari anasema mfupa umeshika lakini haujakomaa, anataka nisubiri. Kofia hawezi kusubiri, siku imewekwa, ni tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane. Na mimi, mama, sitaki asubiri. Yule mzuka ni kitu kimoja nilichowahi kufanya watu wakanyamaza. Sasa wanamcheka. Nisipopanda mimi, atabaki kiti na kuhema mpaka mwisho wa dunia. Ni mara moja tu, kutoka juu mpaka chini.

Usikasirike.

Kitinda.


31 Julai

Mwanangu, mtoto wangu wa mwisho,

Barua yako imefika leo na nakujibu leo, nimekaa juu ya tenga la mashuka machafu. Redio anashika zamu yangu. Sijamwambia kitu. Alinitazama uso tu akasema, "Nenda kaandike," na hakuongeza, kwa hiyo ujue hata redio huwa na kitufe cha kuzimia.

Sijui kama hii itakufikia kabla ya siku yenyewe. Nahesabu njiani na kila nikihesabu inachelewa. Nimemwomba yule wa posta aiweke juu ya zingine. Akasema, "Mama, haiendi haraka kwa kukaa juu." Lakini ameiweka.

Sikukasirika. Au nimekasirika, lakini kasirani yangu imesimama nyuma ya kitu kingine na haijapata nafasi ya kupita.

Wewe ulilala chali miezi yote hiyo ukiniandikia habari za njiwa. Mtu mwingine alikuosha. Mpe huyo mpishi salamu zangu, mwambie kisigino chake nimekisamehe na mimi anisamehe ulimi wangu.

Sasa sikiliza. Wanasema mtoto akililia wembe mpe. Aliyesema hakuwa mama, au wembe wake ulikuwa butu. Mimi siwezi kuja kukushika mkono, na wewe si mtoto, ukitaka kupanda utapanda. Nataka tu nikwambie nilichokiona mimi, shule iliniacha darasa la nne lakini macho ninayo.

Unadhani watu walinyamaza kwa sababu gani kwenye ile ya kwanza? Hukupaa. Hukutoa moto. Nimeiona mara nyingi sasa, mwenye kanda haniulizi tena, ananiwekea tu. Mzuka ameinua mikono anarudi nyuma, anarudi, anangoja. Amekamata shuka na upande wa pili hakuna mtu. Hakuna, Kitinda. Analishika zima, analirudisha nyuma, na hakuna atakayemletea pembe. Wenzangu hawakujua wanaogopa nini. Mimi nilicheka siku ile kwa sababu bila hivyo ningelia mbele ya watu. Upande wa pili nilikuwa mimi, na sikuwepo.

Hilo halitengenezwi kwa kamba. Hata ukishuka salama kutoka juu ya mawingu, hilo halipo huko juu. Kwa hiyo usivunjike mara ya pili ukilitafuta mahali lilipokosekana.

Na kama utapanda, basi kumbuka kazi yetu. Kabla hujatoa mguu, mtazame machoni aliyeshika upande mwingine.

Mtoto wa kaka yako ameanza kucheka. Anacheka akiiona dari. Kaka yako anasema hata yeye hajui kuna nini.

Mimi sijalala vizuri, lakini hilo si la kukushika.

Mama yako.


10 Agosti

Mwanangu,

Hakuna jipya, naandika tu ili mkono ufanye kitu. Leo nimeunguza foronya ya wageni kwa pasi, mimi, ambaye sijaunguza nguo tangu wewe huna meno. Meneja aliikunja akaiweka kando. Wanajua wote sasa, si kwa Redio, kwa foronya.

Mama.


19 Agosti

Shikamoo mama,

Niko salama. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Barua yako ya tenga ilifika jana. Siku ilikuwa imeshapita.

Nilipanda. Nilipanda ngazi ya bohari kwa gongo, mpishi nyuma yangu akinisukuma na kunilaani, "Binti wewe una kichwa cha msumari." Wakanivalisha shuka, wakanifunga kamba. Kofia chini akapaza sauti kwamba niinue mikono, nikainua. Nyonga ilikuwa inaniambia maneno, sikuisikiliza.

Nikasimama ukingoni kwa mgongo, tayari kwa hatua moja ya nyuma. Unajua nilivyozoea, mama, mikono ikishapanda macho yanatafuta yenyewe. Nikageuza kichwa chini kumtafuta aliyeshika kamba. Alikuwa ameizungusha mkononi mara moja na anaongea na mwenzake. Alikuwa anacheka. Nikamngojea anitazame. Kofia akapiga kelele, "Nenda." Nikamngojea. Hakunitazama.

Nikashusha mikono. Nikasema sitoki hapa mpaka mnishushe kwa ngazi.

Kofia aliivua kofia kwa mara ya kwanza. Ana upara, mama, mweupe kabisa mahali jua halijafika, na nilisikitika badala ya kuogopa. Aliniambia nimemharibia filamu. Nikamwambia aniache nirudi nyuma tu, chini, ukumbini, hatua chache, na gongo nitalificha ndani ya shuka. Akasema watu hawalipi kiingilio kuona mtu anatembea. Kesho yake amemchukua msichana mwingine, atapaa na moto. Wamembadilisha mshika kamba, hilo nimelipigania mpaka likakubaliwa.

Itakuwa mbaya, hii ya nne. Mbaya kuliko ya tatu. Watacheka, na jina la mzuka ni lile lile, na hutaweza kusimama katikati ya mabenchi kuwaambia yule si binti yangu. Au utaweza. Mimi nimeshalia kuhusu hilo, na mpishi amelia pamoja nami kwa adabu.

Halafu jana ikaja barua yako. Niliisoma ile sehemu ya macho nikaishusha kifuani, nikakaa hivyo mpaka njiwa wakanyamaza.

Daktari ananiruhusu kusafiri mwisho wa mwezi ujao. Naomba nije nyumbani. Siwezi kubeba ndoo na siwezi kusimama sana. Pasi nitaweza nikikaa. Kurudi nyuma bado siwezi, mguu unakataa, nikijaribu nayumba. Sijui kama utaweza tena siku moja. Kwa hiyo sijui nitakufaa nini pale.

Nimeandika kwa kalamu. Nimekaa mezani.

Mwanao Kitinda.


2 Septemba

Mwanangu,

Nimeona wino. Nimeuona kabla sijasoma neno, pale pale kwenye dirisha la posta, na yule bwana akageukia upande mwingine akajifanya anatafuta mihuri.

Wote wazima. Kaka yako ameshaanza kutengeneza bomba la bafu liwe karibu na kiti, anagonga tangu asubuhi, ameshakata maji ya nyumba nzima. Redio anasema ya nne ikija atakwenda kuiona yeye mwenyewe, akae benchi la mbele, na atakayecheka atamfahamu. Nimemwambia wacha wacheke, wamelipa. Ya kwanza ipo. Mwenye kanda amenipa mkanda wenyewe, kasema kwake umechakaa kwa kurudishwa nyuma.

Unaniuliza utanifaa nini. Kitinda, miaka yote hii nashika shuka zima peke yangu. Nalikanyaga, nalifunga kwenye msumari wa mlango, nalibana kwa kidevu, na bado halinyooki.

Nitarudi nyuma mimi. Wewe utasimama hapo ulipo na gongo lako, ushike pembe zako mbili, na unitazame.

Mama yako.